Swali la mume wa Lucy: jicho likipona, je, mtu anaona?

Kuna tukio moja halikosekani kwenye tamthilia. Mume amefanyiwa upasuaji wa macho. Mke kakaa pembeni ya kitanda, kamshika mkono. Daktari anafungua bandeji taratibu, muziki unapanda, mgonjwa anapepesa macho mara mbili tatu, halafu anamgeukia mkewe na kusema, "Nakuona." Machozi, tabasamu, matangazo ya biashara.

Sasa swali la leo, msomaji: alijuaje kwamba yule ni mkewe? Kama aliwahi kumwona kabla ya kuugua, jibu ni rahisi. Lakini kama alipofuka akiwa mtoto mchanga, na mkewe anamjua kwa sauti na kwa mguso tu, je, ile sura iliyo mbele yake itamwambia chochote?

Unaweza kudhani ni swali la kijiweni, la kupotezea muda. Kumbe lina umri wa zaidi ya miaka 330, liliulizwa na mume ambaye mkewe alikuwa haoni, na majibu yake ndiyo yanayotuonyesha leo ni mgonjwa gani ana muda wa kusubiri upasuaji na yupi kila mwezi kwake ni hasara. Tuanze mwanzo.

Dublin, 1678

William Molyneux alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1656. Kwao walikuwa na uwezo. Akasomea sheria, ila moyo wake ulikuwa kwenye hesabu, darubini na tabia za mwanga. Mwaka 1678, akiwa na miaka 22, alimwoa Lucy Domville, binti wa Mwanasheria Mkuu wa Ireland. Haukupita muda mrefu baada ya harusi, Lucy akaugua, na ugonjwa ule ukaondoka na macho yake.

William hakukaa kimya. Alimsafirisha mkewe mpaka Uingereza kutafuta madaktari waliosifika. Hakuna aliyeweza kumsaidia. Lucy aliishi bila kuona mpaka alipofariki mwaka 1691. Mwana wao Samuel alizaliwa mwaka 1689, maana yake mama yake hakuwahi kumwona. Alimjua kwa mikono, kwa harufu na kwa kilio. Huyo Samuel alipokua akawa mwanaastronomia, mtu wa kuchungulia nyota kwa darubini.

Hebu ifikirie nyumba ile. Mume anashinda akipiga hesabu za lenzi. Mwaka 1692, mwaka mmoja baada ya kumzika mkewe, anachapisha kitabu kiitwacho *Dioptrica Nova*, kinachoeleza jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye kioo na jinsi taswira inavyoundwa. Alijua mengi kuhusu mwanga kuliko karibu watu wote wa mji wake, na ujuzi wote ule haukumpa namna ya kumsaidia mtu aliyelala naye chumba kimoja.

Swali lenyewe

Mwezi Julai 1688, Lucy akiwa bado hai, Molyneux alimwandikia barua mwanafalsafa John Locke. Wakati huo muhtasari wa kazi ya Locke kuhusu akili ya binadamu na jinsi inavyopata maarifa ulikuwa umechapishwa kwa Kifaransa. Barua haikujibiwa. Miaka ikapita, wawili hao wakaja kuwa marafiki wa kuandikiana, na mwaka 1693 Molyneux akalirudia swali lake. Safari hii Locke alilipenda, akaliingiza kwenye toleo la pili la kitabu chake mwaka 1694. Tangu hapo linaitwa Swali la Molyneux.

Swali ni hili. Chukua mtu mzima aliyezaliwa haoni. Kwa kupapasa, amejifunza kutofautisha tufe na mchemraba, yaani, tuseme, gololi na dadu, vya madini ya aina moja na ukubwa unaokaribiana. Akikushika mkono atakwambia bila wasiwasi: hiki ni hiki, kile ni kile. Sasa viweke vyote viwili mezani, halafu mtu huyo apewe uwezo wa kuona. Kwa kuangalia tu, bila kugusa, je, atajua kipi ni tufe na kipi ni mchemraba?

Molyneux mwenyewe alijibu hapana. Locke naye akasema hapana: mkono una elimu yake na jicho lina elimu yake, na kuziunganisha kunahitaji uzoefu. George Berkeley, aliyesoma chuo kilekile cha Dublin alichosoma Molyneux, akaandika kitabu kizima mwaka 1709 kuunga mkono hapana hiyo. Leibniz wa Ujerumani akawapinga. Kwake, mtu huyo akishaambiwa kwamba moja ya vitu vile ni tufe na kingine ni mchemraba, anaweza kulifumbua kwa akili, maana mchemraba una ncha na tufe halina, iwe unaangalia au unashika.

Hapa tuwe waangalifu kidogo. Katika swali lile Molyneux hakumtaja Lucy, na Lucy hakuzaliwa kipofu. Hatuwezi kuingia kichwani mwa mtu wa karne ya 17 na kusema "ilikuwa kwa sababu ya mkewe". Lakini mtu aliyeishi miaka kumi na kitu na mwenza asiyeona, akamwona akijifunza upya kujua vitu kwa vidole, alikuwa na sababu kuliko wenzake wote kujiuliza kitatokea nini siku macho yakirudi.

Wote hao walibishana mezani. Hakuna aliyekuwa na mgonjwa mbele yake.

Sindano bila ganzi

Enzi hizo, tiba pekee iliyoweza kumrudishia mtu nuru ilihusu mtoto wa jicho. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ambayo kawaida ni angavu kama maji. Ikipata ukungu, mwanga haupiti vizuri, na hapo tunasema mtu ana mtoto wa jicho. Waganga wa kale, kuanzia India, kisha nchi za Kiarabu na Ulaya, walikuwa na njia moja: wanachoma sindano pembeni mwa jicho, wanaisukuma ile lenzi idondoke chini ndani ya jicho, njia ya mwanga inabaki wazi. Mgonjwa anashikiliwa. Ganzi ya macho hakuna, kwani matone ya kokeini ya kulitia jicho ganzi yalikuja mwaka 1884, kwa kazi ya Karl Koller wa Vienna.

Ilikuwa bahati nasibu. Mwaka 1750 mwanamuziki Johann Sebastian Bach, macho yakiwa yamemchosha, alipasuliwa mara mbili mjini Leipzig na daktari wa kuzungukazunguka aliyeitwa John Taylor. Hakupona. Alifariki tarehe 28 Julai mwaka uleule. Mkewe Anna Magdalena, ambaye kwa miaka mingi alinakili kazi za mumewe kwa mkono, alibaki mjane na kufa katika umaskini mwaka 1760. Kwa hiyo ukisoma kwamba watu wa zamani waliogopa upasuaji wa macho, usiwacheke. Walikuwa na hoja.

Lakini miaka 22 kabla ya hapo, London, sindano hiyohiyo ilileta jibu la kwanza kwa Molyneux. Mwaka 1728 William Cheselden, daktari wa upasuaji wa hospitali ya St Thomas', aliandika habari za mvulana wa miaka kama 13 aliyepoteza kuona akiwa mdogo sana kiasi kwamba hakukumbuka kuona chochote. Alipofunguliwa jicho la kwanza, kijana alidhani kila kitu anachokiona kinamgusa jicho, kama vile kitu kinavyogusa ngozi. Hakutambua umbo la kitu chochote. Alikuwa akiwachanganya paka na mbwa wa nyumbani, na akiona aibu kuuliza kila mara. Siku moja akamkamata paka, akampapasa huku akimkazia macho, akamwachia huku akimwambia kwamba kuanzia sasa atamjua. Picha za ukutani nazo zilimchukua kama miezi miwili kuelewa kwamba zile rangi bapa zinawakilisha watu na vitu.

Kwa hiyo hapana ya Molyneux ikapata nguvu. Hata hivyo wabishi walikuwepo: jicho lililotoka kuchomwa sindano lina maumivu na machozi, utajuaje kama tatizo ni akili au ni kidonda?

Bwana Bradford na mashine yake

Turuke mpaka karne ya 20. Tarehe 7 Desemba 1905, Eduard Zirm, katika mji ambao leo unaitwa Olomouc nchini Czech, alifanikiwa kumpandikiza mtu konea kutoka kwa mtu mwingine. Konea ni kile kioo cha mbele kabisa cha jicho. Sasa hata waliopofuka kwa makovu ya konea wakapata tumaini.

Mmoja wao alikuwa Sidney Bradford, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1906 na kupoteza kuona akiwa na umri wa miezi kama kumi. Alikuwa fundi viatu, ana mke, anapenda kazi za mikono, anatembea barabarani na fimbo yake bila woga, na hata baiskeli aliendesha huku rafiki akiendesha pembeni na yeye kamshika bega. Akiwa na miaka 52, Desemba 1958 na Januari 1959, akapandikizwa konea. Mwanasaikolojia Richard Gregory alisoma habari zake gazetini, akachukua vifaa vyake na kumfuata pamoja na msaidizi wake Jean Wallace.

Walichokikuta kiliwashangaza. Bradford aliweza kusoma saa ya ukutani kwa macho, papo hapo. Aliweza kusoma herufi kubwa, ila herufi ndogo hakuzijua kabisa. Kwa nini? Shuleni alifundishwa herufi kubwa kwa kupapasa vibao vilivyochongwa, herufi ndogo hakufundishwa. Na saa yake ya mfukoni haikuwa na kioo, alizoea kugusa mishale. Yaani kile ambacho vidole vilikijua, macho yaliweza kukiazima. Hapo hapana ya Molyneux ikalegea kidogo.

Lakini mahali ambapo vidole havikuwahi kufika, macho yalikwama. Alipouona mwezi mchanga aliuliza ni kitu gani, maana aliposikia "robo ya mwezi" siku zote alidhani unafanana na kipande cha keki. Alipelekwa Makumbusho ya Sayansi ya London kuona mashine ya kukerezea vyuma, kitu alichokitamani maisha yake yote. Akasimama mbele ya sanduku la kioo na hakuelewa anachokiona. Wakafungua sanduku. Alifumba macho, akaipapasa mashine yote, akarudi nyuma hatua moja, akafumbua macho na kusema kwamba sasa, baada ya kuishika, anaiona.

Ungetegemea hadithi iishie hapo kwa furaha. Haikuishia hapo. Barabara ambazo Bradford alizivuka bila hofu akiwa haoni sasa zilimtia kiwewe, ikabidi ashikwe mkono. Rangi iliyobanduka ukutani ilimkera. Jioni alikuwa akikaa gizani bila hata kuwasha taa. Zamani watu walimstaajabia, eti haoni lakini anafanya yote haya. Sasa alikuwa mtu wa kawaida mwenye macho hafifu, na vitu vingi alivyokosa maisha yake yote akavijua kwa mara ya kwanza. Alifariki Agosti 1960, hata miaka miwili haijatimia tangu upasuaji. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Bradford alipewa macho, moyo ukafa. Mkewe, aliyesubiri furaha, aliishi na huzuni ile siku kwa siku.

Sisemi haya kukutisha. Nayasema kwa sababu waliompa Bradford macho hawakumwandaa, na hakuna aliyewaandaa wao.

Kazi inayofanyika nyuma ya jicho

Jicho linapokea mwanga tu. Kazi ya kuamua kwamba hii ni pua, hiki ni kivuli, yule yuko mbali, hufanywa na ubongo, na ubongo hujifunza kazi hiyo utotoni. Ushahidi mzito ulitolewa na David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Miaka ya 1960 walifunga jicho moja la watoto wa paka kwa wiki kadhaa za mwanzo wa maisha. Walipolifungua, jicho lilikuwa zima, lakini seli za ubongo zilizopaswa kulisikiliza zilikuwa zimehamia kwa jicho la pili. Walipomfunga jicho paka mkubwa, madhara hayo hayakutokea. Umeona tofauti? Ubongo ambao haujawahi kujifunza na ubongo ambao umeshajifunza ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mmarekani Mike May anatuonyesha upande wa kwanza. Alipofuka akiwa na miaka mitatu kwa mlipuko wa kemikali, akakua, akaoa, akapata watoto, akawa bingwa wa kuteleza kwenye theluji. Siku moja alimsindikiza mkewe kwa daktari wa macho. Daktari akaomba amwangalie na yeye. Safari ya mke ikageuka kuwa upasuaji wa mume, na Machi 2000 jicho lake likaanza kuona. Watafiti wakiongozwa na Ione Fine walipompima, waliripoti mwaka 2003 kwamba rangi na vitu vinavyosogea alivimudu vizuri, lakini kutambua nyuso, hata za watu wake wa karibu, kulimshinda. Zile seli za nyuso hazikupata shule kwa wakati wake.

Na jibu la Molyneux? Lilikuja India. Mtafiti Pawan Sinha alianzisha mradi uitwao Prakash, neno lenye maana ya mwanga, unaowatibu watoto waliozaliwa na matatizo kama mtoto wa jicho, na papo hapo kujifunza kutoka kwao. Mwaka 2011 timu yake ilitoa matokeo ya vijana watano wa miaka 8 hadi 17. Muda mfupi baada ya upasuaji, walipewa kitu wakipapase bila kukiona, kisha wakichague kwa macho kati ya viwili. Walikuwa kama wanaobahatisha. Molyneux alikuwa sahihi. Lakini walipopimwa tena siku chache baadaye, wengine hata wiki haijaisha, walikuwa wameboreka sana. Kwa hiyo jibu kamili ni: siku ya kwanza hapana, ila mpe muda.

Sasa, wewe na mwenzako

Pengine unasoma haya mumeo au mkeo akiwa na tarehe ya upasuaji mfukoni. Historia yote hii inakusaidiaje?

Kwanza, kama mwenzako aliona maisha yake yote na sasa uzee umemletea mtoto wa jicho, habari za Bradford si zake. Ubongo wake ulishasoma shule yote ya kuona. Anachohitaji ni dirisha kusafishwa. Na dirisha hilo tunalo tangu Novemba 1949, pale Harold Ridley, katika hospitali ileile ya St Thomas' alikofanya kazi Cheselden, alipoweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa. Alikuwa ameona kwamba marubani wa vita waliopigwa na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege, macho yao yalivivumilia vipande vile. Leo lenzi yenye ukungu inatolewa, ya bandia inawekwa, kwa ganzi ya jicho tu, na wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Atakujua bila shida. Tena atakuona na makunyanzi ambayo hakuyaona miaka yote hiyo, jiandae. Muulize daktari jambo moja tu: sehemu ya nyuma ya jicho na mshipa wake ni vizima? Lenzi mpya inaondoa ukungu, haiponyi mshipa uliokwisha kuharibiwa na presha ya macho.

Pili, kama ni mtoto, usisubiri. Ukiona doa jeupe kwenye mboni ya mtoto mchanga, peleka hospitali wiki hiyohiyo. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha watoto wengi wenye tatizo hili wanafikishwa hospitali wakiwa wamechelewa sana, na umbali wa hospitali na elimu ya mama vikiwa miongoni mwa sababu. Mtoto huyo shule yake ya kuona inafungwa huku tukisema "akikua tutampeleka".

Tatu, na hili ni la wanandoa. Mwaka 2002 watafiti Susan Lewallen na Paul Courtright, waliofanya kazi miaka mingi Moshi, walikusanya tafiti kutoka nchi zinazoendelea na kuonyesha kwamba wanawake wanapata upasuaji wa mtoto wa jicho kidogo kuliko wanaume. Sababu unazijua hata bila kusoma utafiti: nauli, nani ataamua pesa itoke, nani atamsindikiza, na mama mwenyewe kusema "mimi nimeshazeeka, waachieni watoto hiyo hela".

William Molyneux alimvusha Lucy bahari kutafuta tiba ambayo wakati wake haikuwepo, kisha kikabaki kwake swali tu. Wewe huna haja ya kuvuka bahari. Leo jioni, ukirudi nyumbani, mwangalie mama yako au mkeo anapochagua mchele. Akiwa anausogeza sinia karibu na uso huku akisema ni uzee tu, muulize ni lini mara ya mwisho daktari alimwangalia macho.